Maji Katika Mtungi wa Wagonjwa

Nilijaza maji kwenye mtungi wa petroli uliowekwa kwa ajili ya wagonjwa. Nilijua ninachofanya. Sikuwa nimelewa, sikulazimishwa na mtu, wala sitamsingizia shetani. Naanza hapo ili usije ukanihurumia kabla ya wakati.

Barua hii nimejaribu kuiandika mara nne. Kila mara najikuta nimetanguliza sababu, na kosa nimelificha kule katikati. Leo nimetanguliza kosa. Sababu zitafuata, uzipime mwenyewe.

Mimi ni mwanamume wa miaka hamsini na mbili, karani wa kituo cha kupimia majani chai upande wa Nyamache. Jina langu sitalitaja, na ya wengine nimeyabadilisha. Kijijini wananiita Karani. Shule niliiacha kidato cha pili, lakini kusoma sikuacha. Nimejifunza kutengeneza redio kwa kusoma, nimejifunza huduma ya kwanza kwa kusoma, na kwa miaka mingi nimekuwa nikipima mvua kwa mkebe uani kwangu na kuandika daftarini. Nasema haya si kwa kujisifu. Utaona baadaye elimu hiyo niliitumia kufanya nini.

Mnakumbuka mgao wa mafuta ulivyotufikia. Kwanza ilikuwa redioni: joto la dunia limepita kiasi, kila nchi lazima ipunguze mafuta inayochoma, na safari hii ni dharura, si ombi. Kisha chifu akaja kituoni na kadi. Mwenye gari, lita kadhaa kwa wiki. Mwenye pikipiki, kidogo zaidi ya chupa mbili. Mwenye mashine ya kukatia chai, pungufu ya hapo. Ukimaliza, umemaliza!

Siku hiyo watu walipiga kelele mpaka mizani ikasahaulika.

"Kwa hivyo hii Probox yangu ndiyo imechoma dunia?" Makori akauliza. Makori ndiye mwenye gari la pekee kijijini kwetu, kijana wa maneno mengi. "Huko ng'ambo kuna mtu ana magari sita, na mimi napimiwa kwa kikombe?"

"Wewe unayamaliza mafuta ukizunguka Nyacheki kutafuta wasichana," akamjibu Mama Bosibori, muuza ndizi, mwanamke asiyeogopa mtu. "Dunia imeshakushtaki, nyamaza."

Watu wakacheka. Mimi nikasimama nikautetea mgao. Nikafungua daftari langu nikawasomea: mvua ya mwaka huu imekuja mwezi gani, ya miaka ile ilikuja mwezi gani, mawe ya mvua yamepiga majani yetu mara ngapi. Nikawaambia kwamba Makori ana haki ya kulalamika, sisi si wachomaji wakubwa, lakini mawe ya mvua hayaulizi nani alianza. Nikawaambia mgao unasimama kwa kitu kimoja tu: ukimwona mwenzako anapimiwa sawa na wewe, utavumilia. Ukigundua anaiba, hutavumilia hata siku moja.

Hayo ni maneno yangu mwenyewe! Nayaandika hapa kama nilivyoyasema.

Ndipo Ombati akasema. Ombati ni jirani yangu, tumepakana kwa ua wa miti. Yeye ni Mkatoliki, mimi ni Msabato, na utani wetu kuhusu siku ya kupumzika una umri mkubwa kuliko watoto wetu. Ana shamba la chai mteremkoni, na alikuwa na mashine ya petroli ya kukatia michai.

"Mafuta ya kuchezea yameisha, sawa," akasema. "Lakini mtu akiugua? Tumbebe mgongoni mpaka Kisii? Kila mwenye kadi atoe kikombe kimoja kila wiki, tujaze mtungi mmoja. Uwe wa mgonjwa. Usiguswe na mwingine."

"Na wewe utatoa nini, Ombati, una kamashine kale ka kunyoa chai?" Makori akamtania.

"Nitatoa mafuta yote ya hako kamashine. Mimi nina panga na nina mikono."

Akafanya hivyo! Kila wiki alileta mafuta yake yote, hakujibakizia tone. Shika jambo hilo, msomaji, maana mimi haliniachi.

Mtungi ulijaa. Lita ishirini, mtungi wa chuma, ukafungiwa katika stoo ya kituo. Mama Bosibori akawa mwenyekiti. Makori akakubali gari lake litumike, na yeye ndiye aliyekuwa akienda kukusanya mafuta ya kadi mjini. Ufunguo nikapewa mimi.

"Karani ndiye mtu hata akidondosha sindano anaandika," alisema Mama Bosibori, na hakuna aliyepinga.

Nilichonga fimbo ya mwanzi, nikaitia alama kwa kila lita. Kila Alhamisi jioni kamati ilikuja, tukafungua, tukachovya fimbo mbele ya wote, nikasoma. Ishirini. Alhamisi baada ya Alhamisi, ishirini. Mara moja tulipeleka mtoto mwenye pumu, tukajaza tena ndani ya wiki tatu. Kazi hiyo niliipenda. Nilijiona mtu.

Sasa nije kwenye Jumanne ile.

Binti yangu wa kwanza, Moraa, ameolewa upande wa Nyamira. Baba mkwe wake alikuwa amefariki, mazishi yalikuwa Ijumaa. Mchana huo wakaja wanaume watatu kutoka kule, wakiongozwa na shemeji mkubwa wa Moraa. Walikuja kwa miguu, viatu vimejaa udongo.

Kama wewe si Mgusii, nikueleze kidogo. Kati yetu na watu ambako mtoto wako ameolewa kuna heshima iliyochanganyika na aibu, tunaiita chinsoni. Hutaniani nao. Huwaambii mambo ya ndani. Wakija kwako na msiba, huanzi kuwaeleza matatizo yako. Na kuwanyima kitu usoni kwao ni kama kuwavulia nguo.

Waliketi. Chakula kikaletwa, hawakukigusa. Nikajua wamekuja na neno.

"Baba Moraa," akasema yule shemeji akitazama sakafu, "mzee wetu amelala mochari Kisii. Kadi ya msiba imetosha gari la maiti peke yake. Wazee wa ukoo wako mbali, hawawezi kutembea. Na jenereta ya kipaza sauti haina kitu. Mzee alikuwa mtu wa watu. Tunasikia kwamba hapa kwenu wewe ndiye unayeshika mafuta."

Wote watatu wakawa wanatazama sakafu.

Hapo palikuwa na sentensi moja tu ya kusema: "Ndugu zangu, mafuta hayo ni ya wagonjwa, si yangu." Maneno tisa! Sikuyasema. Nilifikiri nikiyasema nitakuwa nimewaambia, "Maiti wenu hana thamani kwangu." Nikatoka uani eti nawaza.

Mke wangu akanifuata kutoka jikoni.

"Unafikiri nini?" akaninong'oneza.

"Mafuta si yangu, Mama Moraa."

"Najua si yako. Lakini wakirudi mikono mitupu, ni nani atakayesutwa kwenye ile boma miaka yote? Ni wewe? Ni mtoto. Kila wakigombana ataambiwa, 'Baba yako alimzika mzee wetu kama mbwa.'"

Simlaumu. Aliongea kama mama. Ufunguo ulikuwa kiunoni mwangu, haukuwa kiunoni mwake.

Nikawapa lita kumi na tano. Nikajiambia tano zitabaki, zinatosha kufika Kisii. Nikajiambia kuanzia Jumatatu nitakuwa natia mafuta ya pikipiki yangu, na nitamwomba mdogo wangu wa Keroka anisaidie. Nikaandika hesabu kwenye karatasi: wiki tano. Nilikuwa na mpango! Mtu kama mimi hafanyi ubaya bila mpango.

Tatizo lilikuwa Alhamisi.

Alhamisi saa sita mchana, wakati kituo hakina watu, niliingia stoo na ndoo ya maji. Nilikuwa nimeshasoma zamani kwamba petroli ni nyepesi kuliko maji, huelea juu. Ukitia maji chini, fimbo itasoma ishirini. Ukifungua kifuniko, itanuka petroli. Nikamimina lita kumi na tano, kwa kipimo. Nikafunga. Nikanawa mikono kwa sabuni mara mbili.

Jioni kamati ikaja. Nikachovya fimbo.

"Ishirini," nikasema.

Mama Bosibori akainama akanusa. "Yanapanda mpaka kichwani," akasema. "Makori, usisogee karibu na sigara yako, utatumaliza."

Wakacheka. Nami nikacheka. Nilicheka, ndugu yangu! Elimu niliyojitafutia mwenyewe, ukurasa kwa ukurasa, niliitumia kumdanganya mwanamke aliyeniamini.

Ijumaa tukamzika mkwe wetu. Kipaza sauti kilisikika mpaka ng'ambo ya bonde. Watu walinisalimia kwa mikono miwili. Moraa alinitazama kwa macho ya shukrani, na mimi nikarudi nyumbani kabla jua halijatua, Sabato inaingia, nikijiona nimelipita daraja bovu salama.

Kesho yake, Jumamosi, nilikuwa nimesimama mbele kanisani nafundisha somo. Ilikuwa kama saa nne asubuhi. Kerubo, mke wa Ombati, akatokea mlangoni. Hakuvua viatu vya shambani. Sketi yake ilikuwa na damu kutoka gotini kwenda chini.

"Karani! Ufunguo! Ombati amejikata!"

Alikuwa anapogoa chai kwa panga. Panga limeteleza kwenye shina bichi likaingia ndani ya mguu, chini ya goti, kwa nyuma. Kwa panga, kwa sababu petroli ya mashine yake ilikuwa kwenye mtungi. Mtungi wangu!

Kanisa zima lilinigeukia. Mkono ulienda kiunoni wenyewe. Na hapo, mbele ya watu mia moja, kulikuwa na neno moja la kusema. "Hakuna." Ningesema hakuna petroli, tutafute kwingine. Nilifungua mdomo. Nikamwona mzee wa kanisa, nikaona watoto niliowafundisha amri kumi, nikaona mke wangu ameshika kichwa.

"Twende," nikasema.

Tulikimbia. Ombati alikuwa ameshaletwa kituoni, amelazwa kwenye gunia la majani. Kerubo alikuwa ameufunga mguu kwa leso lakini damu ilikuwa bado inapita. Nikavua tai yangu, nikafunga juu ya goti, nikapenyeza kijiti, nikazungusha mpaka damu ikasimama. Nikatazama saa: nne na dakika kumi na mbili. Nikaandika kwenye karatasi nikaiweka mfukoni mwake. Kitabu kinasema hivyo. Fungo likikaa muda mrefu, nyama iliyo chini yake hufa, kwa hiyo daktari lazima ajue lilifungwa saa ngapi.

Ombati akanifumbulia macho. "Karani," akasema, midomo imekauka, "umeacha mahubiri kwa ajili ya Mkatoliki? Watakutoa kanisani."

Makori alikuwa ameshautoa mtungi stoo. Gari lake lilikuwa na mafuta kidogo sana, kadi yake iliisha Jumatano. Akachukua faneli ya kumiminia, akainua mtungi.

Nikapiga hesabu. Hata hapo nilikuwa napiga hesabu! Petroli iko juu, lita tano. Akimimina polepole, zile tano zitatoka kwanza. Akikomea hapo, wanafika Kisii. Hakuna atakayejua.

"Makori, weka lita tano tu," nikasema. "Polepole."

Akanigeukia kama aliyetemewa mate. "Karani, mtu anakufa na wewe unapima?"

"Tano zinafika Kisii. Akiba lazima—"

"Akiba ya nani tena?" Mama Bosibori akafoka. "Huyu ndiye mgonjwa tuliyekuwa tunamwekea! Mimina yote, Makori, wakihamishwa Kisumu je?"

Makori akaupindua mtungi mzima. Niliisikia sauti ikibadilika kutoka ya petroli kuwa ya maji. Ni sauti mbili tofauti, nyepesi kisha nzito. Wengine hawakuisikia, walikuwa wanambeba Ombati. Mimi niliisikia, nikanyamaza.

Niliingia kiti cha nyuma, Ombati amelala mapajani mwa Kerubo, mguu wake mapajani mwangu. Nilikuwa nimekishika kile kijiti. Gari likawaka vizuri. Kwenye bomba kulikuwa na petroli ya zamani.

Sijui nikuelezeeje safari ile. Nilikuwa naisikiliza injini kama mtu anayesikiliza kifua cha mtoto wake. Barabara ilikuwa tupu kwa sababu ya mgao. Tulipita shule, tukapita soko, tukashuka daraja. Kila mlima nilijiambia, huu hapa. Gari likapanda. Nikaanza kusali, na unajua nilisali nini? Sikuomba Ombati apone. Niliomba injini isizime. Niliomba siri yangu ifike Kisii!

Bado ningeweza kusema. Tulipokuwa katika soko lile, palikuwa na pikipiki zimeegeshwa. Ningesema simama. Nilihesabu sekunde mpaka soko likaisha.

Kwenye mlima, kabla hujafika Kiogoro, gari likakohoa. Likajivuta. Likakohoa tena, likasimama.

Makori akawasha. Likazunguka bila kushika. Akawasha tena na tena mpaka betri ikaanza kuchoka. Akashuka, akafungua boneti, akachomoa bomba la mafuta, akakinga kiganja. Akanusa. Akachovya kidole akakipeleka ulimini. Akaja dirishani kwangu na kile kiganja.

"Karani, hii ni nini? Hii si maji?"

Kerubo akapiga ukelele. Jasho lilikuwa limemfunika Ombati uso.

"Wametuuzia maji!" Makori akapiga boneti ngumi. "Hata kwenye mgao! Hata kwenye mgao watu wanaiba!"

Na mimi nikatikisa kichwa kama ninayeshangaa. Andika hilo katika kitabu changu cha hukumu. Nilitikisa kichwa.

Wachumaji wa chai walikuja kutoka shamba la kando, wakaleta mkokoteni wa ndizi. Tulimlaza juu ya magome ya migomba, tukamsukuma kupanda mlima, mimi nikiwa bado nimekishika kijiti. Kila ulipokwama kwenye jiwe Ombati alilia kama mtoto. Kiogoro hatukupata gari. Tulisubiri lori la maziwa, nalo lilipofika, dereva alikuwa na mafuta ya safari yake tu na alikuwa anaelekea kwingine, ikabidi abishane na tajiri wake kwa simu. Mwisho akakata simu akasema, "Mpakieni." Mungu ambariki, yeye alitoa mgao wake bila kupiga hesabu.

Safari isiyofika saa moja ilikula karibu saa nne. Daktari akachukua ile karatasi mfukoni mwa Ombati, akatazama saa niliyoiandika, akatazama saa ya ukutani.

"Nani aliandika hii?" akauliza.

"Mimi."

"Umefanya vizuri kuandika," akasema. "Lakini mmechelewa sana."

Jumapili asubuhi waliukata mguu, juu ya goti.

Nilirudi nyumbani Jumapili jioni, nikakuta neno limeshatangulia. Nani huleta mafuta kutoka mjini? Makori. Basi Makori ameuza petroli akatujazia maji! Vijana walikuwa wamevunja kioo cha Probox. Walikuwa wamempiga mtu aliyejitolea gari lake bila malipo miezi yote hiyo.

Jumatatu ukaitwa mkutano kituoni. Makori alisimamishwa katikati, shati limechanika bega, jicho moja limefumba. Hakuwa na utani tena.

"Mimi nilileta petroli," alikuwa anasema. "Karani aliipima. Karani, waambie. Ulipima Alhamisi?"

Watu wote wakanitazama, na nakuapia walikuwa wananitazama kwa matumaini, kama shahidi mkweli.

"Ni mimi," nikasema.

"Sema kwa sauti," akasema Mama Bosibori.

"Maji niliyatia mimi. Petroli niliipeleka mazishi ya mkwe wangu Nyamira."

Nilitarajia kupigwa. Mama Bosibori alikaa chini polepole juu ya gunia, akajifunika mdomo kwa leso. Makori ndiye aliyesema kwanza, kwa sauti ndogo kabisa.

"Nilikuonyesha kiganja," akasema. "Nilikuonjea yale maji mbele ya macho yako, na ulikuwa unajua."

Nilijua.

Jumatano nikaenda hospitalini kwa miguu. Shuka la Ombati lilikuwa limelala bapa upande mmoja. Nilimweleza yote, tangu Jumanne ile. Aliniacha nimalize. Kisha akauliza swali moja.

"Ungesema pale mlangoni kanisani, kabla hatujapanda gari, tungefanya nini?"

"Tungekusanya kwa wenye pikipiki. Kikombe kikombe."

"Ingechukua muda gani?"

Ananijua. Alijua nimeshapiga hesabu.

"Nusu saa," nikasema.

"Nusu saa." Akatazama dari. "Haya. Nenda nyumbani, Karani. Usije kwangu mpaka nikuite."

Ua wa miti unatutenganisha. Asubuhi namsikia akiburuta magongo uani kwake. Ule mteremko hawezi kuushuka tena. Kerubo ndiye anayechuma, akileta majani kituoni humpa karani mwenzangu, mimi huniruka kama nguzo. Nilimpelekea ujumbe kwamba nitampogolea chai yake yote. Akanijibu kupitia kwa mtoto wake, "Mwambie nimesema mpaka nimwite." Bado hajaniita.

Kanisani nimeondolewa kufundisha. Ni haki. Chifu ameandika taarifa yangu, na litakalokuja nitalipokea. Ila kuna jambo lililonivunja zaidi ya hayo. Shemeji wa Moraa alikuja, safari hii peke yake, akasimama nje akakataa kuketi.

"Baba Moraa," akasema, "kwa nini hukutuambia ni ya wagonjwa? Sisi tulidhani ni ya kituo. Ungesema, tungemzika mzee bila kipaza sauti. Yeye mwenyewe angekataa."

Unaona! Hawakunilazimisha. Walikuwa tayari kusikia hapana. Niliwaogopa watu ambao hawakuwa wakali, nikawavunjia heshima kwa kudhani hawana utu. Heshima ile ya wakwe haikutuagiza kusema uongo. Niliiongeza mimi.

Na mtungi? Hakuna anayetoa kikombe tena. Mgao bado upo, na joto halijapungua kwa sababu ya ungamo langu. Ila sasa kila nyumba ina chupa yake imefichwa chini ya kitanda, karibu na moto wa jikoni, na usiku nalala nikiogopa kuona mwanga mwekundu mahali fulani kijijini. Ukimuuliza mtu, anakwambia, "Kama Karani aliiba, nimwamini nani?" Nilisema mwenyewe, siku ya kadi: ukigundua mwenzako anaiba, hutavumilia hata siku moja. Watu walinielewa vizuri.

Wewe unayeshika kitu cha wengi, kiwe mafuta, maji ya ukame, dawa au mahindi ya msaada, nisikilize. Siku ngumu zinazidi, na tutapimiana vitu vingi zaidi ya petroli. Siku moja mtu unayemheshimu atakuja atazame sakafu yako. Mwambie kitu hiki ni cha nani. Huenda akakuelewa kuliko unavyodhani.

Na kama umeshakosa, kama kimepungua mikononi mwako, sema kimepungua. Usitafute cha kujazia. Sema ukiwa mbele ya watu, sema ukiwa umevaa tai, sema sauti ikikatika. Watakudharau, ndiyo. Dharau inabebeka. Lakini sema wakati ile nusu saa bado ipo.